Kali kama pilipili au kali kama mbwa? Jinsi ya kutizama muvi ya kiza na ukaweza kusema ilivyokushika

Siku hiyo nilimaliza muvi saa saba usiku. Asubuhi yake dada yangu yuko kwenye cherehani anashona magauni ya Idi ya watu, akaniuliza vipi hiyo muvi ilokufanya uwashe taa zote mpaka ya chooni, nikamwambia kali. Kanambia kali kama pilipili au kali kama mbwa? Nikakosa jibu. Basi nikaanza kumsimulia, kuna mtoto wa kike anahamia kwa baba wa kambo, halafu kuna chura, halafu kuna jini lina mapembe, halafu kuna mzee hana macho, hata mkono mmoja wa gauni hajaumaliza kanambia basi baba imetosha, nenda kanywe chai yako.

Ilinikera, lakini alikuwa na haki yake. Hakuniuliza kilichotokea kwenye muvi, hicho akitaka atakitizama mwenyewe akiwa na bando. Aliniuliza kilichonipata mie. Na mie usiku kucha sijalala nimejifunika shuka mpaka utosini lakini ukiniuliza nini hasa kimenitisha siwezi kukwambia, nabaki kali, kali sana, noma, basi. Toka hapo nikawa najifunza hii kazi kidogo kidogo, na naandika hapa nilivyofika mpaka sasa, mwenye kutaka achukue.

Muvi ninazozungumzia ni zile zenye mambo ya ajabu, majini, mazimwi, milango inotokea ukutani pasipokuwa na mlango, lakini sio za watoto, mtu akifa mule kafa kwelikweli na anauma. Sio horo. Horo inakupa mshtuko ukishapita umepita, hizi zinakupa kihoro. Unakaa pale majina yanapita kwenye skrini huna habari hata yanasema nini. Ilonipata mie ile siku inaitwa Pan's Labyrinth, ya Guillermo del Toro, mtu wa Mexico, ilitoka 2006, inazungumzwa Kispania mwanzo mwisho. Ntaitumia hiyo hiyo kwa mfano maana nishaitizama mara nne sasa naijua nje ndani, na naonya mapema kwamba ntataja baadhi ya yaliyomo, ila mwisho wake sitausema. Wa kukimbia akimbie sasa.

KABLA HUJAANZA

Kwanza tizama umri walioiandikia. Watu wengi hapa wanaona posta ina mtoto wa kike yupo msituni wanasema ah hii ya familia, waekee watoto. Usithubutu! Uingereza wameipa 15, Marekani wameipa R, yaani aliye chini ya miaka 17 asiingie senema bila ya mkubwa wake. Jirani yetu mmoja aliwaekea watoto sebuleni Idi ya pili, wao mbio kuona vile vidudu vinavyoruka na kugeuka malaika wadogo, wanafurahi, haijafika hata nusu saa kapteni wa jeshi kashika chupa anampasua kijana wa watu uso mbele ya baba yake. Chumba kizima kimya. Yule wa miaka saba alikuwa haendi chooni peke yake mpaka skuli zilipofunguliwa. Kwa hivyo dakika mbili tu, andika jina la muvi kwenye intaneti, tizama umri, na usiamini posta.

Pili, na hapa ntakaa kidogo kwa sababu ndo tunapoharibu wengi: usiitizame kwanza ile ya kutafsiriwa. Mie muvi za kutafsiriwa nazipenda, nimekulia kwenye kibanda cha video Wete, Pemba, tunakaa chini kwenye mkeka tumebanana mpaka jasho linadondoka, na kwa muvi za ngumi na za polisi mtafsiri mzuri anaifanya muvi iwe tamu kuliko ilivyokuwa. Lakini mtafsiri kazi yake ni kusema. Hanyamazi. Na muvi ya kiza inakaa kwenye kunyamaza. Hii ninayoisema inaanza skrini nyeusi, unasikia mtu anahema kwa tabu, na mwanamke anaimba bembea ya kumlaza mtoto, haina hata maneno, mmmm mmmm tu, halafu unamuona mtoto kalala chini anatoka damu puani na ile damu inarudi ndani. Inarudi. Sasa hapo juu yake mtie mtu anosema "oya wanangu stelingi wetu ndo huyu hapa leo mtaona mambo", kishakuua. Utacheka, na utakuwa umecheka kitu ambacho ungekihisi.

Kwa hivyo tafuta yenye sauti yake na maandishi chini. Usiogope kwamba Kiingereza chako cha kuungaunga, zile sehemu nzito hazina maneno mengi, ile ya yule mzee asokuwa na macho usoni inakwenda karibu yote bila ya mtu kuzungumza. Na tia hedifoni, hata zile za buku mbili, kwa sababu simu ikiwa mezani utasikia maneno tu, hutosikia ngozi ya glavu za kapteni inavyolia anapokunja mkono.

Muda: ina kama saa mbili kasoro dakika chache. Anza baada ya Isha ukishakula, usianze saa sita ukamaliza ukaingia kitandani moja kwa moja, eka nafasi ya nusu saa hivi baina ya muvi na mto. Chaji simu ijae maana umeme ukizimika katikati ya yule mzee, yakhe, sikuombei.

Na nani ukae nae, hiyo nayo ni mada. Usikae na aliyekwisha kuiona, atakutizama wewe badala ya muvi. Mwenye kucheka cheka ndo watu wengi wanamkimbia, mie namvumilia, niliwahi kukaa Ngome Kongwe, mjini Unguja, wakati wa tamasha la filamu, pale wazi pepo zinapuliza kutoka Forodhani na harufu ya mishkaki juu yake, ikaekwa muvi nzito na watu wakawa wanacheka pale pasipochekesha hata kidogo, nikakereka, baadae nikajitizama na mie nacheka. Kucheka nako ni kuogopa. Wazee wanosimulia senema za zamani za mjini, Majestic kule Vuga na nyenginezo, wanakwambia ukumbi mzima ukipiga kelele pamoja khofu inagawika kila mtu anachukua chake kidogo. Sasa tunatizama kwenye simu, kila mtu na mzigo wake.

UNAPOTIZAMA

Usisimamishe. Ukisimamisha ukaenda kuchukua maji khofu imeshavuja. Isipokuwa kama muvi imekugusa pahala pabaya kweli, mtu ana yake alopitia, basi zima bila ya aibu na wala huhitaji kumueleza mtu.

Mie naeka simu nyengine pembeni nimeififisha mwanga, au kikaratasi, na ninapohisi kitu mwilini naandika neno moja. Moja tu, bila ya kutizama. Ile siku ya pili kutizama niliandika chupa, zabibu, saa, mzizi. Basi. Sio "sehemu hii ni nzuri sana kwa sababu", hapana, ukianza kwa sababu umeshatoka kwenye muvi umekuwa mwalimu unasahihisha. Neno moja, na asubuhi lile neno linafungua lote.

Mwili ndo unaojua mwanzo, kichwa kinakuja baadae kutunga uongo. Kwa hivyo sikiliza wapi: tumbo, koo, viganja, mgongo. Halafu litafutie neno lake, na hapa jamani Kiswahili tunacho kingi tumekiacha kabatini tunashikilia "niliogopa sana". Kushtuka sio kuogopa. Kushtuka ni mlango umebamizwa, moyo unaruka halafu unarudi, hata paka anashtuka. Khofu ina kitu unakijua kinakuja. Wahka ni pale hujui kinakuja saa ngapi, unakaa huku unainuka, ndo hali ya mtu anosubiri boti ya Pemba siku ya upepo mkali na ndugu yake yumo ndani. Kinyaa kinakaa kooni. Kusisimka ni ngozi. Bumbuwazi ni pale unatizama na akili imesimama. Na kihoro nishakitaja, kile kinakaa kifuani na hakiondoki na asubuhi, na jitimai ndo mtoto wake akikomaa.

Haya sasa chukua yule mzee asokuwa na macho. Mtoto kaambiwa aingie kwenye ule ukumbi achukue kitu atoke, mezani kuna vyakula vya kila aina, kaonywa asile chochote, hata tonge. Mwisho wa meza kakaa kitu kama mzee, cheupe, ngozi imening'inia kama nguo ya kuazima, macho yako kwenye sahani mbele yake. (Alomuigiza anaitwa Doug Jones, na yeye huyo huyo ndo fauno, lile jini lenye mapembe, halafu Kispania hakijui, alijifunza maneno yale kwa kuyakariri na sauti ikatiwa ya mtu mwengine.) Mtoto anatembea, anatizama zabibu, wale malaika wadogo wanamzuia wanampiga piga, anawasukuma, anakula moja. Halafu ya pili. Na kule nyuma vidole vinaanza kuamka.

Kila mtu atakwambia hapo inatisha kwa sababu yule mzee anatia macho kwenye viganja. Ni kweli inatisha, mie mwenyewe nilivuta miguu juu ya kochi. Lakini neno nililoandika mie sio macho, ni zabibu. Na nilipokaa nalo asubuhi nikajua kwa nini: niliona aibu. Nilikuwa na miaka minane nafunga Ramadhani yangu ya mwanzo kwa kujisifu mtaa mzima, saa tisa alasiri nikapita jikoni hakuna mtu, kuna sinia ya tende imefunikwa kawa, nikala moja. Halafu ya pili, kwa sababu ya mwanzo ilikuwa ishaharibu kila kitu, kwa nini nisile ya pili. Hakuna alonijua mpaka leo mnaposoma. Yule mtoto watu wanamtukana, mjinga, kaambiwa asile kala, na mie nimekaa na tende yangu kooni ya miaka yote hiyo. Sasa hiyo ndo iliyonipata. Sio mzee.

Saa nayo. Kapteni ana saa ya mfukoni ya marehemu baba yake, kioo kimepasuka, anaitia mafuta anaifuta taratibu kama mtu anomuogesha mtoto mchanga. Hakuna jini hapo, hakuna damu, muziki wa kawaida tu, na tumbo langu likakaza kuliko pahala popote. Skuli niliosoma kulikuwa na mwalimu mmoja, kabla ya kukupiga bakora alikuwa anavua saa yake, anaifuta kwa kitambaa, anailaza juu ya meza ikiwa imenyooka. Hakuwa na haraka. Hakuwa hata na hasira, ndo ubaya wake. Zile bakora zenyewe nishazisahau zilikuwa ngapi, lakini mtu mzima nina ndevu zangu nikimuona mtu anafuta saa natoka jasho. Ile muvi ilinijulia wapi hayo?

Kwa hivyo ukiona mtu anatafuta pahala alipotishwa anakimbilia kwenye zimwi, mwambie atizame na pale pasipokuwa na zimwi. Na mara nyengine waliotengeneza wamepanga iwe hivyo, ukiitizama mara ya pili utaona meza ni mbili, ile ya yule mzee na ile ya kapteni anayowaalika wakubwa wa mji wale wanywe huku wanavijiji wanagaiwa mkate kwa kadi, na wote wawili wamekaa mwisho wa meza, kichwani. Rangi pia, upande wa kapteni kumepoa kibuluu buluu, upande wa fauno dhahabu na nyekundu. Mara ya mwanzo macho yanaona na akili haina nafasi. Ilipata Oscar tatu, na zote tatu ni za vitu vya kuonekana: upigaji picha, mandhari, na mekapu.

USIKU WENYEWE

Umemaliza. Usikimbilie intaneti kutafuta maana yake! Hili nalisisitiza. Ukishasoma maelezo ya mtu mwengine usiku ule ule, asubuhi utakuwa unasimulia khofu ya mwenzako. Watu wanabishana mpaka leo kama yale mambo ya fauno ni ya kweli au yamo kichwani mwa mtoto tu, na del Toro mwenyewe ameshasema kwake yeye ni ya kweli, sawa, lakini hayo ni ya wiki ijayo.

Tia udhu, soma Ayatul Kursiyyu, washa taa unayotaka, hakuna alokuwekea mtihani. Halafu mwambie mtu. Usiku ule ule kabla ya kulala, hata voisi noti ya dakika moja. Hili sikulijua kwenye muvi, nalijua toka 1995. Ilikuwa Ramadhani, Popobawa, jini lilosemwa linawajia watu usiku, kaanza Pemba halafu kavuka Unguja, mie mdogo, na ninachokumbuka sana sio Popobawa. Nakumbuka mikeka nje. Mtaa mzima tumelala uani na barazani, moto umekokwa, kina shangazi wanazungumza usiku kucha, mara wanasoma dua mara wanacheka wenyewe kwa wenyewe, na mie niko katikati ya watu nimelala usingizi ambao sijaupata tena. Na wakubwa walikuwa wakisema, aliyejiwa nae lazima awaambie wenzake, akificha anarejewa. Mambo yenyewe ya Popobawa siingii hapa, kila mtu ana lake, ila popo wetu wakubwa wa Kidike waachieni jamani, wale wanakula matunda, maua na majani na duniani kote wako Pemba peke yake. Ninachosema ni ile ya kuambizana. Mie muvi niliyoinyamazia ndo inonirejea. Niliyoisema usiku ule ule, hata kwa kigugumizi, inakaa pahala pake.

KUISIMULIA SASA

Asubuhi tizama yale maneno yako, chagua moja. Moja! Najua unayo manne. Anza hapo hapo uliposhikwa, usianze na "hii muvi inahusu". Sema ulikuwa umekaa wapi na mwili umefanya nini, kisha kilichokuwepo kwenye skrini kwa sentensi mbili, kisha kilichokugusa upande wako, na ukishafika hapo nyamaza.

Voisi noti yangu ya kwanza kwa rafiki yangu ilikuwa dakika tisa, hakujibu mpaka leo. Ya pili ilikuwa hivi: "Yakhe jana kuna pahala kapteni anafuta saa, hajafanya kitu, nimekaa kwenye kochi nikaona nakunja vidole ndani ya ngumi kama naficha viganja. Unamkumbuka yule mwalimu." Sekunde kumi na tano. Alinipigia hapo hapo, tukazungumza nusu saa, na tokea tuache skuli yule mwalimu hatujawahi kumtaja. Usiku huo akaitizama.

Kitu kimoja cha kuongeza ni pahala na wakati, kwa sababu bila ya hivyo kapteni anakuwa zimwi jengine tu. Sentensi moja inatosha: ni Hispania mwaka 1944, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 mpaka 1939 vishakwisha, upande wa Jenerali Franco umeshinda, na kuna wengine bado wako msituni hawajakubali, na kapteni kaletwa kuwamaliza. Huyo Franco alikaa madarakani mpaka alipokufa 1975. Ukishalisema hilo msikilizaji anakaa vyengine. Ila kama unamsimulia mzee wa hapa, angalia. Viatu vya jeshi kwenye sakafu ya mbao na mlango kugongwa usiku, wazee wana yao, usiwalazimishe wayaseme.

Mwisho wa muvi usiumwage. Hata kama anakubembeleza.

Na mpimie mtu kwa anachokijua. Bibi yangu yuko Wete, muvi hatizami, lakini nilipompigia simu nikamsimulia yule mzee wa mezani alinielewa haraka kuliko rafiki zangu wote wenye bando, maana kwake huyo ni zimwi tu, na mazimwi ndo alotulaza nayo. Hadithi zetu zenyewe ni kiza kitupu tunajisahaulisha. Ile ya Nunda mla watu, ilishapigwa chapa London mwaka 1870 na Steere, mmishenari wa Kiingereza, katika hadithi alizosimuliwa na watu wa hapa hapa Unguja, unaijua ilivyo? Sultani ana paka, paka anakula kuku, watu wanashitaki, sultani anasema paka wangu na kuku wangu. Anakula mbuzi, paka wangu na mbuzi wangu. Anakula ng'ombe, anakula watu, sultani anamtetea tu, mpaka paka kala watoto wa sultani mwenyewe ndo anakubali kwamba yule sio paka tena. Na mtoto wake mdogo alobaki anatoka kumuwinda, kila akiua mnyama anamburura mpaka kwa mama yake, na mama anamwambia mwanangu, siye huyu. Tulikuwa tunasimuliwa haya taa imefifishwa, paukwa, pakawa, na tukilala tunasikia panya darini tunajua ndo yeye kaja. Hakuna aloeka umri pale.

Basi nimemsimulia bibi. Kuhusu macho ya kwenye viganja hakuuliza kitu. Kauliza: "Na mama yake alikuwa wapi?" Nikamwambia juu, mgonjwa, ana mimba ya huyo kapteni, mtoto kapewa na fauno mzizi una umbo la mtu autie kwenye bakuli la maziwa chini ya kitanda cha mama, na mama akapata nafuu, halafu wakauona wakautoa wakautupa motoni. Bibi kanyamaza kidogo. Kanambia: "Dawa imeshika wao wanaichoma?" Nikamwambia ndio, na ule mzizi ulilia. Kanambia nirudie hapo. Nikarudia. Mie neno mzizi nililiandika kwenye simu na nikawa sijui kwa nini, kila nikilitizama asubuhi halifunguki, mpaka bibi aliposema vile ndo nikajua kwamba muvi nzima nilikuwa namtizama mtoto na kapteni, yule mama sikumtizama hata mara moja, na ndivyo nilivyokuwa nyumbani kwetu vilevile mama alipokuwa anaumwa. Hili siliendelezi hapa.

Kwa hivyo ukikwama na neno lisilofunguka, msimulie mtu mkubwa kuliko wewe umsikilize atauliza nini. Usimjibu haraka.

Dada yangu nae mwisho aliitizama, kwa sababu ya kunichoka. Nilimuekea kwenye tivii nikatoka nje nikakaa barazani, nisije nikamtizama usoni. Kwenye zabibu nikamsikia kainuka kaenda jikoni kutizama sufuria ambalo halikuwepo jikoni, karudi. Ilipokwisha sikumuuliza kitu, na hili nalo ni sharti, usimuulize mtu muvi bado ina joto, atakwambia kali. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya, anashona. Siku ya tatu tunaanua nguo juani, kanambia tu bila ya kuulizwa: lile gauni la kijani. Lile alilomshonea mama yake na ugonjwa ule alokuwa nao, akalivua akalitundika kwenye tawi akaingia kwenye mti, upepo ukaliangusha kwenye tope. Anajua pindo kama lile linachukua masiku mangapi, alisema, na mtoto hakulitizama hata.

Nikamuuliza ndo hapo ilipokushika? Kanambia ndo hapo, nipe hizo pini.